Mpango wa kufyonza methani mgodini: afisa anayeupitia hutafuta nini?

Swali: "Ninafanya kazi Kisumu katika kampuni ndogo ya ushauri wa mazingira. Nimepewa ripoti ya mradi wa mgodi wa makaa ya mawe ili niitolee maoni. Kurasa za vumbi na maji ni nyingi, lakini suala la gesi limemalizwa kwa sentensi moja: mpango wa kufyonza methani utawasilishwa kwa mamlaka husika ili uidhinishwe. Mhandisi, hao wa mamlaka huangalia nini hasa? Na mimi ambaye sikusomea migodi nitajuaje kwamba mpango unatosha?"

Jibu: Dada yangu, sentensi hiyo ninaifahamu vizuri. Nilishughulikia hewa na gesi katika migodi ya makaa ya mawe ughaibuni kwa miaka mingi kabla ya kurudi kustaafu hapa Nakuru, na karibu katika kila mradi palikuwa na ukurasa ambapo mwandishi wa ripoti, akiwa amechoka au akiwa hana takwimu, alilisukuma jambo la gesi kwa "mamlaka husika" na kufunga sura. Huenda aliloandika si uongo, ila humfanya msomaji aamini kwamba mahali fulani ipo ofisi yenye mizani, mpango ukawekwa upande mmoja na sheria upande wa pili, kisha jibu likaonekana lenyewe. Hali halisi ni ya unyonge zaidi. Kuna afisa mwenye kalamu na kikokotoo anayehangaika na swali moja: gesi itakayotoka makaa yakikatwa kwa kasi iliyoahidiwa itatoshana na uwezo wa hewa na mabomba, na isipotoshana, ni kitu gani kitakachosimama na nani atakayekisimamisha?

Kwanza tazama kama mgodi unaozungumziwa ni wa shimo la wazi au wa chini kwa chini. Katika shimo la wazi methani hupotelea angani, jambo ambalo ni baya kwa tabianchi lakini haliwalipukii wachimbaji, na kwa kawaida mfumo wa kuifyonza hauwi sehemu ya usalama wao. Ikiwa ripoti yako inataja mpango wa kufyonza, basi ama mgodi ni wa chini kwa chini, ama mtu amenakili sura kutoka ripoti nyingine. Usicheke, nimeyaona hayo na nitakusimulia baadaye.

Methani yenyewe si mgeni kwetu. Ndiyo inayowaka kwa mwali wa buluu katika jiko la mama mwenye mtambo wa samadi kule Vihiga. Katika makaa ya mawe imegandamana na kuta za vinyweleo vidogo mno, imeshikiliwa pale na uzito wa mwamba na maji, na haitoki hadi shinikizo hilo lipungue. Kukata makaa ni kulipunguza shinikizo ghafla. Gesi ikishachanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche ndogo inatosha kuilipua, na mlipuko wake huwa mkali zaidi karibu na asilimia 9.5. Uzito wake ni kama nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo hupanda na kutanda darini kama shuka, na mkaguzi anayepima kwenye usawa wa kifua anaweza kusoma kiwango cha amani huku darini pameiva. Waliozoea visima vya mvuke vya Menengai hapa juu yetu, au mashimo ya dhahabu ya Kakamega, hulazimika kujifunza upya. Hewa mbaya wanayoijua wao, yaani kaboni dioksidi na sulfidi ya hidrojeni, ni nzito na hutuama chini, na desturi ya kuogopa sakafu haimsaidii mtu aliye katika mgodi wa makaa.

Njia za kuidhibiti ni mbili tu. Ya kwanza ni kuizimua kwa hewa nyingi inayosukumwa na mafeni makubwa. Ya pili ni kuifyonza kwa mabomba kabla haijaingia katika hewa ya kazini, na hiyo ndiyo kazi ya mpango unaouulizia. Ufyonzaji wenyewe una awamu mbili. Kabla ya kukata, matundu huchorongwa ndani ya tabaka la makaa, ama kutoka juu ya ardhi ama kutoka njia za chini, na gesi hutolewa kwa miezi, pengine kwa miaka. Baada ya kukata, dari huachwa liporomoke nyuma ya mashine, na lile eneo la vifusi hubaki limejaa nyufa zinazokusanya gesi kutoka matabaka ya juu na ya chini. Waingereza waliita eneo hilo kwa neno linalofanana mno na gofu letu, na kwa kuwa maana nazo zimekaribiana, nami nitaliita gofu. Gofu huendelea kutoa gesi muda mrefu baada ya makaa kuondolewa, na matundu mengine huchorongwa kuelekea huko ili kuinyakua.

Sasa chukua karatasi tufanye hesabu, kwa maana hapa ndipo penye uzito. Tuseme mgodi umepanga kukata tani 5,760 kwa siku, yaani tani 4 kwa dakika mashine ikikata saa zote 24. Tuseme vipimo vinaonyesha kwamba kila tani, ukijumlisha gesi yake na ile ya matabaka ya jirani yanayopasuka, huachia mita 15 za ujazo za methani. Gesi yote ni mita 60 za ujazo kwa dakika. Hewa inayopita kazini ni mita 40 za ujazo kwa sekunde, ambazo ni 2,400 kwa dakika. Ukitaka methani isizidi asilimia 1, hewa hiyo inaweza kubeba mita 24 pekee. Zilizobaki, 36, sharti zipite kwenye mabomba, na hizo ni asilimia 60 ya gesi yote. Mwandishi wa mpango ataandika kwamba mfumo wake unafyonza asilimia 60, na hesabu itafunga bila kubakiza hata senti.

Afisa mzoefu akifika hapo hukunja uso, kwa sababu hesabu yote hiyo ni ya wastani, na gesi haifuati wastani. Dari likiporomoka kwa kishindo, au shinikizo la hewa ya angani likishuka kabla ya mvua, gofu huhema na gesi huongezeka. Tukichukulia kwamba kilele ni mara moja na nusu ya wastani, zile mita 24 zinazobaki katika hewa zinakuwa 36, na kipimo kinafika asilimia 1.5. Katika sheria ya Marekani, kwenye asilimia 1 umeme wa mitambo ya eneo hilo huzimwa, na kwenye asilimia 1.5 watu huondolewa. Kwa maneno mengine, mpango uliofungana vizuri kwenye karatasi unawatoa watu mgodini kila gofu linapohema. Ili kilele chenyewe kisipite asilimia 1, wastani unaobaki katika hewa usizidi mita 16, maana yake mabomba yachukue 44 kati ya 60, takriban asilimia 73. Kama matundu yanabaki kwenye asilimia 60 na hewa haiwezi kuongezwa, iko njia moja tu: gesi yote ishuke hadi mita 40 kwa dakika, na makaa yashuke hadi tani 3,840 kwa siku. Theluthi nzima ya uzalishaji imeondoka.

Theluthi hiyo ndiyo inayogombaniwa katika kila mpango niliowahi kuupitia, hata pale isipotajwa. Mwekezaji amekwisha kuiuza katika mahesabu yake ya benki. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo afisa hulitafuta, na ambalo wewe pia unaweza kulitafuta bila shahada ya migodi, ni kama mpango umeandika popote kasi ya juu kabisa ya kukata kwa kila kiwango cha ufyonzaji. Mpango unaosema "tutafyonza asilimia kadhaa" bila kusema "na tusipofikisha, tutakata tani kadhaa tu" haujasema kitu.

Baada ya hapo afisa hurudi nyuma kuuliza takwimu zimetoka wapi. Ile mita 15 kwa tani ilipatikanaje? Kiasi cha gesi hupimwa kwa kuchoronga, kutoa kipande cha makaa kutoka chini na kukifungia haraka ndani ya mkebe usiopitisha hewa, kisha kupima gesi inayovuja mkebeni siku baada ya siku, na kukadiria ile iliyopotea wakati kipande kilipokuwa kikipandishwa. Uzembe wa dakika chache kabla ya kufunga mkebe huifanya tabaka ionekane kuwa na gesi kidogo kuliko iliyonayo. Idadi ya vipande nayo ina maana kubwa, kwani tabaka moja linaweza kuwa kavu upande huu na limejaa gesi upande wa pili wa mpasuko wa mwamba. Kisha kuna wepesi wa makaa kupitisha gesi. Makaa mawili yenye gesi sawa yanaweza kutofautiana kabisa, moja likatoa gesi kwa tundu moja kila baada ya mita nyingi, lingine likakaza kama udongo wa mfinyanzi na kudai matundu yaliyosongamana. Wepesi huo ndio unaoamua muda, na muda ndio unaoibwa kwanza ratiba ikibana. Nchini Uchina, kwa matabaka yanayoweza kuripuka ghafla na kumwaga makaa na gesi kwa pamoja, kanuni zimeweka mpaka wa kuanza kazi: gesi ipungue chini ya mita 8 za ujazo kwa tani, na shinikizo lake chini ya megapaskali 0.74. Uzuri wa mpaka wa namna hiyo ni kwamba hautegemei ahadi. Unapima tena baada ya kufyonza, na namba inakubali au inakataa.

Nilikuahidi kisa. Mwaka wangu wa pili katika kazi hiyo nilikabidhiwa mpango wa kurasa mia na ushee niupitie kabla haujapelekwa kwa mdhibiti. Ulikuwa umejaa michoro ya rangi. Nilipofika kwenye jedwali la viwango vya gesi nikaona kwamba vina vya matundu vilikuwa vya mita 300 na zaidi, ilhali tabaka letu lilikuwa mita 180 chini. Nikageuza ukurasa, na pembeni kabisa, kwa maandishi madogo ya chini ya ukurasa, lilikuwepo jina la mgodi mwingine. Aliyenakili alisahau kulifuta. Nililipeleka jambo hilo kwa mkuu wangu, naye akasema tulifute jina na tuendelee, kwa kuwa "migodi ya bonde hili ni ndugu." Tulibishana siku mbili. Mwishowe walipima upya, na gesi ikaonekana kuwa nyingi kuliko ya yule ndugu. Tangu siku hiyo huanza kusoma mpango kutoka chini ya kurasa.

Upande wa gofu una mtego wake, na ripoti za mazingira huupita bila kuuona. Mtu hudhani kwamba kadiri pampu inavyovuta kwa nguvu ndivyo usalama unavyoongezeka. Lakini gofu si chupa iliyozibwa. Ukivuta kupita kiasi unavuta na hewa ya njia za jirani, na matokeo huwa mabaya mara mbili. Kwanza, gesi iliyo bombani huzimuliwa na kukaribia kiwango cha kulipuka, na sasa umeweka bomba la baruti katikati ya mgodi. Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa unaotolewa chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya unashauri gesi isisafirishwe ikiwa na methani chini ya asilimia 30, ambayo ni mara mbili ya mpaka wa juu wa kulipuka. Pili, oksijeni inayoingia gofuni hukutana na makaa yaliyobaki kwenye vifusi, na baadhi ya makaa hujipasha na kujiwasha yenyewe. Kwa hiyo afisa hutaka kuona, kwa kila tundu la gofu, ni nani atapima methani, oksijeni na kaboni monoksidi, mara ngapi kwa zamu, na ni kipimo gani kitakachomfanya afunge vali bila kuomba ruhusa. Kaboni monoksidi ikianza kupanda kidogo kidogo, moto umekwisha kuanza mahali usipouona.

Kuhusu mabomba nitapita haraka, kwa maana wahandisi huyaandika vizuri kuliko wanavyoandika gesi: yajaribiwe kwa shinikizo kabla ya kutumika, yawe na mitego ya maji, yapitishwe mahali ambapo gari halitayagonga, na yawe na vali zinazojifunga zenyewe bomba likipasuka. Cha kutazama kwa makini ni sehemu inayotokeza juu ya ardhi. Wewe uko Kisumu, radi unaijua. Bomba la chuma linaloshuka kutoka juu hadi kwenye gesi ni mwaliko kwa radi. Mnamo Januari 2006, katika mgodi wa Sago, West Virginia, methani ililipuka ndani ya eneo lililokuwa limezibwa kwa kuta na kuachwa, na watu 12 wakafa. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulihitimisha kwamba radi ndiyo iliyoelekea zaidi kuwa chanzo, na baadaye nguvu inayotakiwa kwa kuta za kuziba ikapandishwa sana. Kwa hiyo kituo cha pampu kiwe na kinga ya radi, vizuizi vya ndimi za moto na utaratibu wa kuzima pampu dhoruba inapokaribia. Pampu zikizimwa kwa dhoruba, gesi ya mgodini inabaki kwa hewa peke yake, basi rudi kwenye karatasi yetu ya hesabu uulize mashine ya kukata nayo itafanya nini. Maswali yote huishia pale pale.

Sasa nije kwenye "mamlaka husika" wenyewe, kwa sababu nchi hazifanani. Marekani, mpango wa hewa, ambamo mfumo wa kufyonza methani huelezwa, hupelekwa kwa msimamizi wa wilaya wa idara ya usalama wa migodi iliyo chini ya Wizara ya Leba. Hauwezi kutumika kabla ya kuidhinishwa. Mwakilishi wa wachimbaji hujulishwa angalau siku 5 kabla mpango haujawasilishwa, na ana haki ya kutoa maoni yake. Msimamizi akiukataa, lazima aandike kasoro zake, na mwenye mgodi apewe nafasi ya kuzijadili. Baada ya hapo unapitiwa tena kila miezi 6, kwa kuwa mgodi unasogea na gesi nayo inabadilika. Ninaupenda utaratibu huo kwa jambo moja hasa, ile nafasi ya mwakilishi wa wachimbaji kutoa maoni. Mtu anayelala akiwaza dari la kesho huona mambo ambayo afisa aliye ofisini hawezi kuyaona.

Queensland, Australia, wamechukua njia nyingine. Kule mwenye mgodi huandaa mwenyewe mipango ya kudhibiti hatari kubwa, ikiwemo gesi, na wakaguzi huja kuikagua badala ya kuiidhinisha mapema. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba muhuri wa serikali huwapa wenye migodi kisingizio: "mliupitisha wenyewe." Ni hoja yenye nguvu, lakini angalia mgodi wa Grosvenor. Tarehe 6 Mei 2020 gesi iliwaka pale na wafanyakazi watano wakaungua vibaya. Bodi ya uchunguzi iliyoundwa ilikuta kwamba kipimo cha methani kilikuwa kimevuka mpaka mara 14 katika eneo lile lile la kukata kabla ya ajali, na kwamba gesi iliyoachiwa na kasi ya uzalishaji ilizidi uwezo wa mfumo wa kuifyonza. Huhitaji kuwa mhandisi kuielewa sentensi hiyo ya mwisho. Ni karatasi yetu, ila safari hii imeandikwa na bodi.

Na kama unataka mfano wa mamlaka kuwepo na kutokuwepo kwa wakati mmoja, soma kuhusu Pike River, New Zealand. Wanaume 29 walikufa kufuatia mlipuko wa tarehe 19 Novemba 2010. Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti mwaka 2012 ilisema kwamba katika siku 48 za mwisho kulikuwa na taarifa 21 za methani kufika kiwango cha kulipuka, na nyingine 27 za viwango vya chini zaidi lakini vya hatari. Bomba la kufyonza lilikuwa jembamba, likazidiwa. Mgodi ulikuwa mpya, fedha zilikuwa zikiisha, na makaa yalihitajika haraka kabla mifumo haijakamilika. Nchi nzima ilikuwa na wakaguzi wawili wa migodi, na idara yao ilichukulia kwamba kampuni ilikuwa ikifuata sheria. Zile taarifa ziliandikwa na watu waliokuwa kazini, zamu baada ya zamu, kisha hazikumfikia mtu mwenye uwezo na nia ya kusimamisha mashine. Ndiyo maana mimi nikipitia mpango huuliza jina la cheo cha yule atakayesimamisha kazi, na kama anaweza kufanya hivyo usiku wa manane bila kupiga simu kwa meneja wa uzalishaji.

Kuna maswali ya gesi ikishafika juu, nayo yanaingia moja kwa moja katika taaluma yako. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya methani hupasha dunia joto karibu mara 30 kuliko tani ya kaboni dioksidi, na kwa miaka 20 ni zaidi ya mara 80. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya 2024, umepiga marufuku kuachia hewani gesi ya mifumo ya kufyonza kuanzia tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa katika dharura na hali chache zilizotajwa. Kwa hiyo gesi itumike kuzalisha umeme au ichomwe kwenye mnara maalumu. Rwanda, majirani zetu, wanazalisha umeme kwa methani ya Ziwa Kivu, basi si jambo la ndoto. Lakini jihadhari na mradi unaoitegemea biashara hiyo kupita kiasi. Mtambo wa umeme unataka gesi yenye methani nyingi isiyobadilika, mgodi unataka gesi itoke hata kama ni hafifu, na vali inayofungwa kwa ajili ya jenereta inaweza kuirudisha gesi kazini. Uchina iliweka mwaka 2008 sharti, lililorekebishwa baadaye, kwamba gesi yenye methani ya asilimia 30 au zaidi isiachiwe hewani, na ni rahisi kuona kishawishi kilichozaliwa hapo: izimue hadi asilimia 29 na umeikwepa sheria, ukakaribia mlipuko. Uliza pia gesi ni ya nani. Marekani ilibidi suala hilo lifike Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1999, katika kesi ya kabila la Southern Ute, iliamua kwamba umiliki wa makaa haukubeba umiliki wa gesi iliyomo.

Hapa Kenya hakuna mgodi wa makaa ya mawe unaofanya kazi. Makaa yanayojulikana zaidi yako bonde la Mui, Kitui, ambako vitalu viligawiwa zaidi ya miaka kumi iliyopita na uchimbaji haujaanza. Sheria ya Madini ya 2016, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na sheria ya mazingira ya 1999 zote zingegusa mpango kama huo, kila moja kwa upande wake, na hatari ya mpangilio wa namna hiyo ni kila ofisi kudhani kwamba gesi ni kazi ya ofisi ya jirani. Ripoti ya athari za mazingira inapitia NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kabla hata jembe halijagusa ardhi, kwa hiyo huenda wewe ndiye mtu wa kwanza kuusoma mpango huu kwa jicho la umma. Usidharau nafasi hiyo. Mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa wa Lamu ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu ya ripoti yenyewe. Mpango wa gesi ambao haujaandikwa hauwezi kushirikishwa kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, pembeni ya ile sentensi moja, ningekushauri uandike kwamba huwezi kutoa maoni juu ya kitu kisichokuwepo, na uombe jedwali moja lenye safu tatu: tani zitakazokatwa kwa siku, gesi inayotarajiwa kwa wastani na kwa kilele, na sehemu ya gesi hiyo itakayochukuliwa na mabomba na ile itakayobebwa na hewa. Chini yake waongeze vipimo vilivyotumika, idadi ya matundu yaliyopimwa na tarehe zake, na cheo cha mtu atakayesimamisha kazi pamoja na kipimo kitakachomlazimisha. Waambie pia waonyeshe mstari wa tani pale ufyonzaji unapofikia nusu tu ya ahadi. Mstari huo watauchelewesha kuliko yote, kwa sababu ndimo theluthi yao ilimo. Ukiupata nitumie, tuukokotoe pamoja, na kabla hujanitumia angalia maandishi madogo ya chini ya ukurasa.